Magunia ya Ruzuku

Pua ya marehemu ilikuwa safi.

Inspekta Wangila aliinama, akaomba tochi, akamulika tundu moja, kisha la pili. Mvua ilikuwa inapiga paa la mabati la chumba cha maiti, na ubaridi wa saruji ulimpanda miguuni kupitia soli za viatu. Upande wa pili wa meza, Daktari Nekoye wa hospitali ya misheni ya Plateau alikuwa amekunja mikono, akimtazama kama mwalimu anayengoja mwanafunzi apate jibu mwenyewe.

"Sioni kitu," alisema Wangila.

"Ndiyo maana nilipiga simu Eldoret. Waliomleta waliniambia niandike ameangukiwa na magunia ya mbolea. Sawa, kifua kimepondeka. Lakini magunia yalipasuka. Alifika hapa amejaa vumbi kwenye nywele, masikio, mpaka kope. Mtu aliye hai ukimwagia vumbi namna hiyo, atavuta pumzi, hata kama ni ya mwisho."

"Na huyu hakuvuta."

"Huyu alikuwa ameshamaliza kuvuta." Daktari aligeuza kichwa cha marehemu taratibu, akazitenga nywele nyuma ya sikio la kulia. Palikuwa na shimo dogo la mviringo, mfupa umebonyea ndani. "Gunia halifanyi hivi. Hiki ni chuma. Kama nondo, au ile spana ya kufungulia magurudumu ya lori."

Marehemu aliitwa Joseph Kipyego. Alikuwa bwana shamba wa Ainabkoi, mtu wa baiskeli na gamubuti, ambaye wakulima walimjua kwa kuchuchumaa kwenye mashamba yao kuliko kwa kukaa ofisini. Alikutwa Jumatatu asubuhi ndani ya stoo ya Ushirika wa Jitegemee, amelaliwa na rundo la mbolea ya ruzuku, ile ambayo serikali hulipia sehemu ya bei ili mkulima mdogo aimudu. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli, na kufuli lilikuwa nje. Askari waliofika kwanza waliandika ajali. Hakuna aliyejiuliza maiti hujifungiaje mlango kwa nje.

Kwenye benchi la veranda alikuwa amekaa Chepngetich, mjane wake, amejifunika shuka la mgonjwa aliloazimwa na wauguzi. Alisimama alipomwona Wangila.

"Nimzike lini, Afande?"

"Bado kidogo, Mama. Kwanza niambie, alitoka nyumbani akienda wapi?"

"Jumamosi, tukishakula chakula ya mchana. Alisema anaenda kuona Mwenyekiti wa ushirika. Nikamwambia angoje mvua ipungue. Akasema hii maneno haiwezi kungoja."

"Alikuwa na hasira?"

"Alikuwa na aibu," alisema Chepngetich. "Hasira ningeijua."

"Adui je?"

"Adui wa bwana shamba ni nani, Afande? Ni wadudu."

Wangila alimshukuru, akaingia kwenye Land Rover. Koplo Kipkorir, aliyekuwa kwenye usukani, alikuwa mzaliwa wa mji mdogo wa Ziwa, mtoto wa mkulima wa mahindi na ng'ombe wa maziwa. Wangila mwenyewe alikuwa ametoka Bungoma, na miaka yake yote Eldoret alikuwa bado anaitwa mgeni na watu walioazima kalamu yake kila siku.

Ainabkoi walikuta ukungu umelala juu ya reli. Stoo ya ushirika ilikuwa nyumba ndefu ya mawe, na mbele yake palikuwa na kibanda cha mabati ambamo malori hurudi kinyumenyume kupakia. Chini ya mabati hayo mvua haikuwa imefika, na tope la Jumamosi lilikuwa limekauka likiwa na alama zake.

Wangila alichuchumaa.

"Koplo, wewe umekulia shambani. Lori ikileta mzigo, ikishusha, inaondokaje?"

"Nyepesi, Afande. Hata inarukaruka."

"Hebu pima hapa."

Kipkorir alitia kidole kwenye mfereji wa tairi lililoingia, kisha kwenye ule uliopita juu yake wakati wa kutoka. Akarudia. Akainua uso.

"Zote mbili zimeingia chini sawasawa. Imekuja nzito, imeenda nzito."

"Maana yake ilishusha kitu, ikachukua kitu kingine. Siku moja."

Mtunza stoo, Wamalwa, alikuja mbio akiwa bado anafunga vifungo vya shati. Alimsalimia Wangila kwa Kibukusu, lugha ya kwao wote wawili. Wangila akamwitikia kwa Kiswahili, na sura ya Wamalwa ikanywea.

"Jumamosi ulikuwa wapi?"

"Kitale, mkubwa. Tulikuwa tunamzika shemeji yangu. Niliondoka Ijumaa nikarudi Jumapili jioni. Muulize mchungaji, muulize chifu wa huko."

"Tutawauliza. Funguo za hili kufuli ni ngapi?"

"Mbili. Moja yangu. Nyingine ya Mwenyekiti."

Ndani mlikuwa na giza la kijivu. Magunia yalipangwa kwa kupishana kama matofali mpaka karibu na dari, safu baada ya safu, isipokuwa ile pembe aliyokutwa Kipyego. Wangila alisukuma rundo lililosimama kwa bega lake lote. Halikutikisika. Magunia yaliyopangwa hivyo hayaangukii mtu. Lazima yavutwe moja moja. Akaenda kwenye yale yaliyopasuka, akachota mkono mmoja wa zile punje za hudhurungi, akazifinya. Zilikuwa kavu, kali, zikamkwaruza kiganja.

"Koplo, mbolea ikiachwa wazi kwenye baridi kama hii?"

"Inakunywa ukungu, Afande. Kwetu baba akisahau kufunga gunia, asubuhi anakuta matope."

"Hii imelala wazi tangu Jumamosi." Wangila akamgeukia Wamalwa. "Niletee maji kwa kikombe."

Kikombe cha bati kikaletwa. Wangila alizimwaga zile punje ndani, akakoroga kwa kalamu, akaweka kikombe dirishani, na wote watatu wakakitazama. Mbolea ya kweli ingeanza kulegea na kuyeyuka. Hizi zilivua rangi, maji yakawa kama chai ya rangi, na chini ya kikombe vikabaki vijiwe vya kijivu, kokoto za machimbo zilizosagwa. Kisha Wangila akashika mdomo wa gunia zima. Magunia ya kiwandani hushonwa kwa mashine. Ukiupata mwanzo wa uzi, unavuta mara moja na mdomo wote unafunguka. Gunia hili lilikuwa limeshonwa kwa mkono, kwa uzi wa katani, mshono wa mtu aliye na haraka.

"Ulikuwa unajua?" alimuuliza Wamalwa.

"Kazi yangu ni kupokea na kutoa, mkubwa. Gunia likija limeshonwa, mimi sifungui."

"Na katani hukuiona?"

Wamalwa alifuta mdomo kwa kiganja.

"Niliiona. Msimu huu wote nimeiona. Nikamuuliza Mwenyekiti. Hakunijibu. Aliniuliza tu watoto wangu wanasoma shule gani."

Kabla Wangila hajauliza tena, kivuli kilisimama mlangoni. Mzee Bethwel, Mwenyekiti wa ushirika, alikuwa amevaa koti refu la mvua na kofia, na juu ya kola alikuwa amebandika beji ya chama tawala. Aliwasalimia kwa mkono mmoja mmoja, hata Wamalwa.

"Pole na kazi, Inspekta. Nimesikia mnasumbuka bure. Kama ni lazima mtu atafutwe, mimi nitakuonyesha mtu. Kuna mama anaitwa Waithira, ng'ambo ya reli. Alisimama kwa baraza, chifu akiwa hapo, akamwambia marehemu, 'Utazikwa na hiyo mbolea yako.' Wote tulisikia. Na tazama alivyokufa."

"Mzee, Jumamosi ulikuwa na ufunguo wako?"

"Ufunguo uko nyumbani kwangu siku zote. Nyumba yangu haina siri, watu wanaingia na kutoka." Mzee alitabasamu kidogo. "Anza na huyo mama."

Kwa vile njia ya uongo nayo ni lazima itembewe mpaka mwisho wake, Wangila alianza na huyo mama.

Waithira alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, aliyekuja kutoka Nyeri na kampuni ya kununua mashamba akabaki baada ya mumewe kufa. Walimkuta akipalilia. Mahindi yake, ambayo wakati huo yalistahili kumfika kiunoni, yalikuwa yamekomea magotini, na majani yalikuwa na rangi ya zambarau, kama mtu aliyechapwa na baridi.

"Mama, mimi ni Inspekta Wangila, kutoka Eldoret."

"Najua. Ukungu haufichi Land Rover." Hakuacha kupalilia.

"Ulimwambia bwana shamba atazikwa na mbolea yake?"

"Nilimwambia. Mbele ya watu wote nilimwambia. Ungetaka niseme nini?" Aling'oa mhindi mmoja akamwonyesha mizizi, mifupi kama ndevu za mzee. "Yeye ndiye alituambia tuchukue hiyo mbolea. Nikauza mbuzi zangu nikachukua. Tazama shukrani yake."

"Jumamosi ulikuwa wapi?"

"Kwa Chelimo, kule chini. Tulikuwa tukichimba viazi, wanawake wengi, tangu asubuhi mpaka ng'ombe zikarudi. Nenda uulize." Sasa akasimama wima, akaegemea jembe. "Lakini hujaniuliza ya Ijumaa."

"Ijumaa kulikuwa na nini?"

"Kipyego alikuja hapa. Nilifikiri amekuja kunigombeza kwa yale maneno ya baraza. Kumbe sivyo. Akapiga magoti hapo ulipokanyaga, akachimba kwa mikono mpaka kwenye mbegu. Akachukua ule udongo akauosha kwa pipa yangu ya maji. Ikabaki changarawe kwa kiganja. Akaitazama, nikaogopa. Halafu akasema, 'Mama, nisamehe. Nimewapandisha mawe.'"

Kipkorir alikohoa, akatazama pembeni.

"Halafu?"

"Akakaa kwa hilo gogo, akaongea kama mtu amekunywa, na hanywi. Unajua serikali ilikuwa imempeleka ng'ambo kusoma mambo ya wakulima. Akaniambia huko India serikali inalipia mbolea, mpaka maskini mwenye kishamba kidogo anaitumia. Akaniambia Ulaya na Amerika mkulima akivuna sana serikali inanunua, inajaza maghala mpaka nafaka inakaa bila mtu wa kuila. Na mwingine analipwa aache shamba lilale. Nikamuuliza, alipwe kwa kutolima? Akasema ndiyo. Nikacheka, Inspekta. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Yeye hakucheka. Akasema hao hao ndio wanakuja kutukopesha, na sharti lao ni serikali yetu iache kumsaidia mkulima. Zambia walijaribu kupunguza kwa unga, watu wakaingia barabarani. Malawi wanapunguza. Kwetu imebaki hii kidogo, na hii kidogo mtu ameigeuza mawe."

"Alitaja mtu?"

"Alisema ataenda kuongea na Mwenyekiti Jumamosi. Nikamwambia aende na mtu wa pili. Akasema Mwenyekiti ni mzee wake, alimtahirisha pamoja na mtoto wake, hawezi kumwendea kama mwizi." Waithira aliinama tena kwa jembe lake. "Sasa nimekujibu. Ukitaka kunifunga, ngoja nimalize hii laini."

Chelimo alithibitisha habari za viazi, na wanawake wengine nao wakathibitisha. Kutoka Kitale simu ikarudi kwamba Wamalwa alionekana makaburini akishika koleo. Naye mama mmoja muuza maziwa, aliyekuwa amejikinga mvua kando ya reli siku ile ya Jumamosi, alimwambia Kipkorir kwa Kinandi kwamba aliona lori ya Mwenyekiti imeingiza matako kibandani. Aliona pia baiskeli ya bwana shamba imelazwa majanini. Aliporudi na mikebe mitupu lori ilikuwa imeondoka, na baiskeli pia.

Njia zote zilizobaki zilielekea nyumba moja.

Mzee Bethwel aliwapokea sebuleni. Palikuwa na makochi yenye vitambaa vya kufumwa, redio kubwa, na simu ya mezani iliyofunikwa kwa kitambaa chake chenyewe. Aliagiza chai. Wangila hakuigusa.

"Mzee, lori yako iko wapi?"

"Safarini."

"Malaba, mpaka wa Uganda?"

"Lori huenda kule mzigo unakotaka."

"Mzigo wa mbolea ya ruzuku. Ulileta kokoto, ukachukua mbolea, ukafunga kwa ufunguo wako. Waithira hakumgusa mtu na Wamalwa alikuwa kwenye mazishi. Kipyego aliuawa kwa chuma, akavutiwa magunia akiwa ameshakufa. Baiskeli yake ikapakiwa pamoja na mzigo. Nimekosea wapi?"

Mzee Bethwel alikoroga chai yake, akaonja, akaongeza sukari.

"Nikufundishe kitu, kijana. Gunia likiwa hapa, serikali imeshalilipia sehemu. Likivuka daraja la Malaba, kule watu wametoka vitani, serikali yao haina cha kumlipia mkulima. Gunia ni lile lile, lakini huko linapiganiwa. Nchi moja ikishusha bei na jirani yake asishushe, wewe unafikiri mbolea italala wapi? Maji hayaombi ruhusa kuteremka mlima."

"Mbolea haina miguu, Mzee. Na Kipyego?"

Kwa mara ya kwanza mkono wa mzee ulisita juu ya kikombe.

"Alikuja kunitafuta, hakunikuta. Nasikia akaenda stoo, akakuta watu wakipakia. Angeondoka, angekuwa nyumbani kwake sasa hivi. Lakini alipanda kwenye usukani akachomoa ufunguo wa lori, akasema hatoki mtu. Dereva alikuwa mtu wa hasira."

"Alikuwa?"

"Amevuka na lori. Harudi. Mtafute Kampala ukiweza." Mzee aliweka kikombe chini. "Yule kijana alikuwa kama mwanangu. Sikumtuma mtu amguse."

"Lakini ulituma mtu amfunike."

Mzee alinyoosha kitambaa kilichofunika simu.

"Vaa koti," alisema Wangila. "Tunaenda Eldoret."

"Kwa kosa gani? La kuwa na ufunguo?" Aliuliza bila kupandisha sauti, huku tayari akiinuka na kuchukua kofia. "Inspekta, kutoka hapa mpaka Malaba kuna vizuizi vya barabara. Unafikiri lori hupita kwa sala? Mimi ni mlango tu. Mlango haumiliki nyumba."

Walimpeleka. Alikaa kwenye benchi la ofisi ya upelelezi kwa heshima, akiwauliza makonstebo habari za wazazi wao. Chai ya saa nne ilikuwa haijapoa simu ilipolia kutoka juu, na mkuu wa Wangila, mtu mpole aliyekaribia kustaafu, akatoka ofisini mwake kumfungulia mzee mlango kwa mkono wake mwenyewe. Land Rover ya ofisi haikuwa na petroli, kwa hivyo Mwenyekiti alirudishwa Ainabkoi kwa gari la mkuu.

"Andika ripoti," mkuu alimwambia Wangila. "Andika yote. Usiache kitu."

Wangila akaandika yote. Aliandika pua safi na shimo nyuma ya sikio, tope la kibanda, kikombe cha maji, uzi wa katani, lori na daraja. Aliandika jina la Mwenyekiti na, pale alipoambiwa kuna nyumba nyuma ya mlango, aliandika kwamba nyumba hiyo itafutwe. Ripoti ikapanda juu. Kipyego akazikwa Jumamosi yenye jua kali, na Wangila akasimama nyuma ya waombolezaji, na hakuna aliyemuuliza kitu.

Mvua zilikuwa zimeanza kulegea mkuu alipomwita tena.

"Ripoti yako imesomwa mbali sana, Wangila. Wamekusifu."

"Tumkamate lini, Afande?"

"Kaa kwanza." Wangila hakukaa. "Wakopeshaji wa nje wamekuwa wakiibana serikali iondoe ruzuku, na wakubwa walikuwa wanaogopa kelele za wakulima. Walitaka kuiondoa bila kuonekana wameamrishwa. Wewe umewapa njia. Ruzuku inafutwa kwa sababu inaibwa. Iko hapa, kwa maneno yako mwenyewe, imethibitishwa na upelelezi."

"Mimi niliandika nani anaiiba."

"Hiyo sehemu haikusomwa kwa sauti."

"Na mauaji?"

"Dereva. Yuko nje ya nchi, faili liko wazi. Mtunza stoo naye atashtakiwa kwa uzembe na kushirikiana na wezi."

"Wamalwa alikuwa Kitale akizika."

"Siku ya kifo. Siku zile zingine zote alikuwa stoo, na aliona katani akanyamaza. Nayo umeiandika wewe." Mkuu alivua miwani, akaipangusa kwa tai. Hakuwa na uso wa mtu aliyefurahi. "Kesho kuna baraza Ainabkoi. Wamesema uwepo."

Baraza lilifanyika kwenye uwanja kando ya reli, watu wamekaa majanini, wakubwa wamekaa chini ya turubai. Afisa aliyetoka mkoani alisoma kutoka kwenye karatasi. Alisema serikali inawapenda wakulima wake, na ndiyo maana haiwezi kuendelea kuwalisha walanguzi. Alisema upelelezi wa kina umeonyesha jinsi mbolea ya ruzuku inavyoibwa na kuvushwa mpaka. Kwa hivyo kuanzia siku hiyo ruzuku ya mbolea imekoma, na wafanyabiashara watakaopewa leseni ndio wataileta kwa bei ya soko, kama dunia nzima inavyoelekea.

"Na hamtateseka kwenda mbali," aliongeza. "Mzee wetu Bethwel amekubali kufungua duka hapa hapa. Tumpigie makofi."

Safu ya mbele ikapiga makofi. Za nyuma zikafuata, kwa sababu chifu alikuwa amesimama akizitazama.

"Na tumpigie pia Inspekta aliyefichua wezi. Inspekta, simama wakuone."

Wangila akasimama. Katikati ya watu alimwona Chepngetich, mikono yake ikiwa imetulia kwenye paja. Alimwona Kipkorir kando ya Land Rover, amegeuza uso kuelekea reli. Makofi yakalia, yakaisha, akakaa.

Baraza lilipovunjika Waithira alikuwa anamngoja kwenye kivuko cha reli.

"Inspekta, umekula?"

"Bado, Mama. Lakini si lazima."

"Mtu hapiti nyumba yangu na njaa. Njoo. Na huyo kijana wako aje."

Nyumba yake ilikuwa ya udongo, imefagiliwa, na moshi ulikuwa umetanda chini ya paa. Jikoni sufuria kubwa ilikuwa motoni. Waithira aliwapakulia githeri, maharagwe machache na mahindi mengi, punje kubwa nyeupe zilizolingana. Wangila alizitazama. Kupitia mlango aliyaona yale mahindi ya zambarau shambani, ambayo hayakuwa yamebeba kitu wala hayangebeba.

"Mama, haya mahindi umeyatoa wapi?"

"Ni mbegu." Waithira alijipakulia yake, akakaa kwenye kigoda. "Nina kipande kingine huko chini, sijakipanda. Ile Ijumaa Kipyego aliniambia, 'Mama, hicho usikiguse, ngoja nikuletee mbolea ya kweli kwa mkono wangu.' Akafa. Nikasema labda serikali italeta. Nimengoja mpaka leo asubuhi, nikasikia kwa chifu kitakachosemwa kwa baraza. Huo udongo bila mbolea hautoi kitu, umechoka. Na panya wameanza kuingia kwa gunia. Afadhali tukule sisi."

Kipkorir aliweka sahani yake chini.

"Usiweke," alimwambia Waithira, bila ukali. "Wewe ni mtoto wa mkulima, chakula haijamkosea mtu."

"Nisamehe, Mama," alisema Wangila.

"Wote mnaniomba msamaha." Alimsogezea mkebe wa chumvi. "Kula, Inspekta. Inapoa."

Wangila akala. Punje zilikuwa ngumu, kwa maana mbegu iliyochaguliwa vizuri haiivi upesi, na zilihitaji kutafunwa kwa muda. Alipomaliza, Waithira alichukua sahani yake, akamwongezea.